Kwaya Iliyosoma Gizani

Vasemaca Ratulevu alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuna daktari wa macho angeweza kuuona kwa kurunzi: alipiga makofi. Mgonjwa akisoma mstari wa kwanza wa herufi, Vasemaca anapiga makofi. Akisoma wa pili, anapiga makofi na kusema, "Eeeh, mama, leo umenitisha!" Akikwama, uso wa Vasemaca unaanguka kama hema lililokatwa kamba, na mgonjwa aliyekuja na tatizo moja la macho anaondoka na la pili la moyo, maana nani anataka kumhuzunisha mwanamke wa namna hiyo?

Wakufunzi waliotoka Brisbane kuja kuwafundisha kazi ya utafiti walimwonya zaidi ya mara moja. Anayesomesha herufi awe kama ukuta. Asitabasamu, asinune, asikohoe kwa maana. Vasemaca akawaitikia kwa kuinua nyusi, jinsi watu wa Fiji wanavyoitikia jambo wanalolikubali, na pia jambo wasilo na nia yoyote ya kulifanya.

Alikuwa muuguzi tangu ujana wake. Alianzia wodi ya wazazi, akahamia macho kwa hiari yake. Mwenyewe alisema watoto wachanga wanalia wakifika na wagonjwa wa macho wanalia wakipona, na yeye masikio yake yalipenda kilio cha aina ya pili. Baba yake alikuwa mwalimu wa hesabu pale Suva, mtu aliyeweza kukusahihisha hata salamu. Mama yake alitoka Nukulevu, kijiji cha kwenye matope ya mto Rewa, ambako watu huimba kwanza ndipo wafikiri. Vasemaca alirithi kwa wote wawili: alipenda namba zikae sawasawa, na zikikaa sawasawa alitaka zishangiliwe.

Kitengo cha Utafiti kilikuwa nyuma ya kliniki, katika chumba kilichowahi kuwa stoo ya viti vibovu. Kibao cha mlangoni kilikuwa kikubwa kuliko chumba. Ndani walikuwa watu watatu na friji moja. Mkuu wao alikuwa Daktari Nirmala Gounder, mwanamke mfupi wa maneno mafupi, ambaye akikutazama juu ya miwani unakumbuka madhambi hata ya shule ya msingi. Mpiga picha za macho alikuwa Roneel, kijana mwembamba mwenye nywele zilizopakwa mafuta mpaka mvua ikaziogopa. Na Suva, mvua haiogopi kitu.

Utafiti wenyewe ulikuwa hivi. Watu ambao kisukari kimeanza kuwala macho walipewa kidonge cha kumeza kila siku. Nusu yao, kidonge kilikuwa na dawa. Nusu yao, unga mtupu. Hakuna aliyejua nani kapewa kipi, si mgonjwa, si Vasemaca, si hata daktari; siri ilikaa Brisbane. Kila mwezi mshiriki alikuja kusoma herufi. Na juu ya yote ilikuwapo kanuni moja: mshiriki ambaye uoni wake umeshuka kupita kiasi kilichowekwa, habari ya kidonge inawekwa pembeni, anaanza kuchomwa sindano za jicho mara moja, bila kulipa, ili kuokoa kilichobaki. Kwa hiyo zile herufi hazikuwa mapambo ya ukutani. Ndizo zilizopiga kengele ya moto.

Mwanzoni watu hawakuja. Waliposikia utafiti, walidhani watageuzwa panya. Ndipo Vasemaca akavaa gauni lake la heshima, akaenda Nukulevu kwa wajomba. Huko, mtoto wa dada ana haki ambazo wafalme wangezionea wivu. Akionyesha kidole na kusema nguruwe yule mnono, nguruwe amekwenda. Hakuna wa kumkatalia, na anayejaribu kumkatalia husemwa mpaka na watoto wake mwenyewe. Vasemaca hakutaka nguruwe. Alitaka macho.

Akapewa. Walikuja akina mama wa kwaya ya kanisa, wote wenye kisukari, wote wenye kicheko cha kupasua bati, wakiongozwa na Bu Torika. Huyu alikuwa bibi yake Vasemaca kwa upande wa mama, na "Bu" ndivyo wote walivyomwita, hata wasiomhusu. Jicho lake la kushoto lilikuwa limekufa miaka mingi nyuma, limebaki kama dirisha lililopigiwa mbao. Alikuwa na la kulia tu. Kwa hilo moja alisuka mikeka, alichagua samaki sokoni, na aliwakazia macho waimbaji wa sauti ya tatu, ambao daima walichelewa kuingia.

Mambo yakaenda vizuri. Yakaenda vizuri mno, na hapo ndipo penye shida.

*

"Sista," alisema Roneel siku moja ya Jumatatu, mdomo umejaa roti, chapati iliyoviringwa na mboga, "mimi si daktari."

"Tunajua. Hata mama yako anajua, ndiyo maana analia."

"Nisikilize kwanza. Picha ya Bu Torika, ile niliyopiga Daktari alipokwenda harusini Lautoka. Pazia la nyuma ya jicho limevimba. Limelowa kama roti iliyoanguka ndani ya chai."

"Uliipeleka Brisbane?"

"Niliipeleka. Wasomaji wao hawajajibu. Wale wakijibu, mtu ameshapata wajukuu."

"Basi mimi nakwambia, Bu Torika wiki nne zilizopita amenisomea mpaka mstari ambao wewe mwenyewe unaukodolea macho. Kazi yako kupiga, Roneel. Kusoma kuna wenyewe."

Roneel akainua mikono yenye mafuta kama aliyekamatwa na polisi. Alikuwa amepeleka hoja yake ikagonga ukuta, na ukuta wenyewe ndio uliokuwa ukipiga makofi.

Vasemaca hakutaka kusikia maneno ya kulowana wiki ile. Alhamisi alikuwa anakuja mkaguzi wa utafiti kutoka Brisbane. Washiriki wa Nukulevu walikuwa ndio fahari yake: hawakosi siku, hawasahau kidonge, na herufi zao zimesimama imara kama nguzo za kanisa. Kulikuwa na jambo moja dogo tu lililomkera. Chati za herufi zilipaswa kuwa tatu tofauti, zibadilishwe kila mara, mtu asije akaizoea moja. Lakini unyevu wa Suva hauheshimu vifaa vya bei mbaya. Ukungu uliingia ndani ya chati mbili, herufi zikaota ndevu. Vasemaca aliagiza nyingine. Akaambiwa zinakuja. "Zinakuja" ni neno tamu, unaweza kulinyonya miezi saba bila kuhisi njaa. Daktari Gounder, aliyekuwa akipigana na kiyoyozi kinachotema maji, hakuambiwa. Chati moja iliyobaki ikafanya kazi ya tatu, kama ng'ombe wa maskini.

*

Jumanne Bu Torika alifika akiwa ameshika mkono wa Salanieta, mwimbaji mwenzake, mwanamke mwenye sauti kubwa na macho ambayo kisukari kilikuwa bado hakijayafifisha. Mvua ilikuwa inapiga paa kama watu wanaodai kuingia. Bu aliketi kwenye kiti cha kusomea, ua jeupe sikioni, akanyoosha sulu yake, kitambaa cha kujifunga kiunoni, magotini.

"Umekonda, mwanangu," alimwambia Vasemaca.

"Bu, mimi sijawahi kukonda tangu nizaliwe."

"Basi sauti yako imekonda. Haya, leta herufi zako. Nina muhogo jikoni nimemwachia mkwe, na mkwe mwenyewe unamjua, ataugeuza gundi."

Vasemaca alifunika jicho la kushoto kwa desturi, ingawa lilikuwa halioni hata mlango, akawasha sanduku la taa ambalo chati ilitundikwa mbele yake. Chumba kizima kilikuwa kimezibwa mapazia. Mwanga ulikuwa pale tu, nyuma ya herufi. Akachukua kalamu.

Bu Torika akaanza. Alisoma polepole, kwa mahadhi, kichwa kikienda kulia na kushoto. Mstari wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Vasemaca akapiga makofi. Wa tatu, sawa. Nje radi ikapasuka, taa ya sanduku ikapepesa, ikazimika. Chumba kikawa cheusi kama ndani ya buti.

Na Bu Torika akaendelea kusoma.

Alisoma mstari wa nne gizani. Alisoma wa tano. Alivuta pumzi mahali pale pale alipovuta mwezi uliopita, akaingia wa sita, akaupandisha mwishoni kidogo, kama ubeti unaosubiri kiitikio. Na kutoka kwenye benchi la mlangoni, kwa mazoea tu, Salanieta akaitikia herufi ya mwisho kwa sauti ya pili.

Kicheko kilimtoka Vasemaca kabla hajajua anacheka nini. Kisha akajua. Kicheko kikamkauka mdomoni.

"Bu," alisema. "Taa imezimika."

Kichwa cha Bu kikaacha kuyumba.

"Imezimika saa ngapi?" aliuliza Bu Torika kwa upole.

"Mstari wa tatu."

"Aa." Bu akafikiri. "Salanieta, kwa nini hukunikanyaga mguu?"

"Ningekukanyaga vipi na mimi niko huku mlangoni? Na wewe ulivyokuwa umepamba moto, nani angekukatiza?"

Umeme ulirudi, na chati ikang'aa tena bila aibu. Vasemaca hakuitazama. Alipiga magoti mbele ya kiti, akainua mkono wake karibu kabisa na uso wa bibi.

"Vidole vingapi?"

"Mwanangu, tusivunjiane heshima."

"Bu. Vingapi?"

Bu Torika akaukaza uso. Alimtazama mjukuu wake mahali pasipo na uso, pembeni kidogo ya sikio, jinsi watu wanavyotazama wakiwa wanatafuta ukingo wa kitu ambacho katikati yake kumefutika. "Vitatu," alisema, na vilikuwa viwili.

*

Habari yote ilitoka baada ya chai. Salanieta ndiye aliyeitoa, kwa sababu Bu alikuwa amefunga mdomo kama chaza.

Miezi kadhaa nyuma, Vasemaca alikuwa amesimama koridoni akipiga soga na Roneel. Alisema kwa kucheka kwamba namba zikishuka Kitengo kitafungwa, naye atakwenda kuuza majani ya magimbi sokoni. Utani tu. Lakini nyuma ya pazia alikuwa amekaa Bu Torika akisubiri dawa ya kupanua mboni ifanye kazi, na macho yakizimwa masikio huongezeka. Alirudi kijijini na habari kwamba mtoto wa dada yao anafukuzwa kazi. Kikao kikakaa. Mtoto wa dada akiomba nguruwe anapewa; je, akiwa anahitaji herufi, na kwa haya hata hajaziomba? Salanieta, aliyekuwa anaziona zote, alizikariri mstari kwa mstari. Kwa kuwa kwaya hukumbuka kitu kilichotiwa sauti tu, wakazitia katika wimbo wa maziko wenye mwendo wa polepole. Walifanya mazoezi kila Jumatano baada ya kipindi cha maombi. Hata mchungaji aliwahi kuwasikia akasema wimbo ni mzuri, ila maneno yamemshinda.

"Wote?" aliuliza Vasemaca.

"Wote. Ila Merewalesi anakosea ubeti wa nne. Tumemwambia aimbe chini chini."

"Na Bu? Jicho lake?"

Hapo Bu Torika akafungua mdomo. "Jicho langu ni langu. Kazi yako ni ya ukoo mzima. Nimeshaona mengi, mwanangu. Nimemwona mume wangu, na huyo peke yake anatosha kumchosha mtu macho."

"Lini limeanza kuwa hivi?"

"Tangu msimu wa maembe. Kwanza mistari ya mkeka ilipinda. Nikasema mkeka mbaya. Kisha nyuso zikaondoka katikati. Usimwambie Daktari. Huyo mgeni wa Alhamisi akishaondoka, ndipo nitaumwa. Siku mbili tu, nitavumilia."

Mtu akitaka kujua Vasemaca alikuwa mtu wa namna gani, asitazame alichosema. Atazame kwamba hakukataa papo hapo. Kwa muda wa chai kupoa, alilifikiria jambo lile. Siku mbili. Mkaguzi angekuja, angekuta nguzo za kanisa zimesimama, angekunywa chai, angeondoka. Kitengo kingebaki. Kisha Bu "angeshuka" ghafla, na nani angejua? Alikuwa na watoto wawili wa kiume waliokula kama watu wa msibani. Alijua bei ya unga.

Lakini aliujua pia ugonjwa wenyewe. Uvimbe wa aina ile haumsubiri mgeni wa Brisbane apande ndege. Na kilichomchoma zaidi, kama mwiba wa samaki kooni, kilikuwa sauti ya Roneel na roti yake kwenye chai. Aliambiwa. Alimkata kauli kijana wa watu ili makofi yake yasikatizwe.

Akasimama. "Salanieta, mshike Bu mkono. Asitoke humu ndani."

"Unakwenda wapi?" Bu alimdaka gauni. "Vasemaca! Nimekuomba. Mimi ni bibi yako!"

"Ndiyo maana nakwenda."

*

Daktari Gounder alikuwa juu ya ngazi, anakizomea kiyoyozi. Vasemaca alimweleza kila kitu kutoka chini: wimbo, chati zenye ndevu, picha ya Roneel, vidole viwili vilivyokuwa vitatu. Hakupamba. Daktari alishuka ngazi pole pole.

"Chati moja. Miezi mingapi?"

"Saba."

"Na makofi?"

"Makofi tangu mwanzo."

Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na katika muda huo mdogo Vasemaca aliona kazi yake, wanawe na majani ya magimbi vikipita mbele yake kama gwaride. "Nitakukasirikia Ijumaa," alisema Daktari. "Leo sina nafasi. Mwite Roneel apige picha. Andaa sindano."

Picha ilitoka, na hata mtu asiyejua kitu angejua: pale panapotakiwa kuwa na bonde dogo palikuwa na kilima. Roneel hakusema "nilikwambia." Alisema tu, "Isa, Bu wangu," neno la Fiji la kumhurumia mtu, akamfuta machozi ya dawa kwa karatasi laini, na Vasemaca alitamani angemtukana badala yake.

Tatizo likawa Bu Torika mwenyewe.

"Sindano ya jicho? Ndani ya jicho?"

"Ndani, Bu. Dakika moja. Tunatia dawa ya ganzi, hutasikia ila kama mtu amekugusa kwa kidole."

"Kidole cha nani? Na nikikataa?"

"Ukikataa ni haki yako, fomu inasema hivyo. Lakini giza litaingia, na halitatoka."

Bu aligeuza uso. Vasemaca akamkalia karibu, akamwambia kwa sauti ya chini ambayo haikuwa ya kliniki. "Nilipokuja Nukulevu mlisema niombe chochote. Nikaomba macho. Mmenipa herufi, Bu. Mimi herufi nilikuwa nazo tayari, ziko pale ukutani. Sasa naomba tena, kama mtoto wa dada. Nipe jicho."

Mila ilikuwa imemkamata Bu Torika penye kona, naye alikuwa mtu wa mila. "Mtoto wa dada ni balaa," alisema hatimaye. "Haya. Lakini Salanieta aimbe."

"Wimbo upi?" aliuliza Salanieta.

"Wowote, mpumbavu wewe, isipokuwa ule!"

Sindano ikaingia katikati ya ubeti wa pili. Bu alisema "Oh," kama mtu aliyekumbuka kitu dukani, na ikawa imekwisha.

*

Alhamisi mkaguzi alifika. Jina lake Lachlan, kijana mrefu mwenye shingo nyekundu na kompyuta chini ya kwapa. Hakuwa amekaa vizuri kabla Daktari hajamweleza yote. Alikuwa bado anakuna paji la uso, mlango wa nje ukafunguka, na Nukulevu ikaingia.

Walikuja wote na nguo zao nyeupe za Jumapili, wamelowa chapachapa. Mbele yao alikuwa Ilaitia, msemaji wa kijiji, amebeba furushi la mizizi ya yaqona, ile inayotwangwa kuwa kinywaji cha heshima, lililofungwa kwa utepe. Kwa watu hawa, mtu aliyekosa hatumi salamu. Anakuja na mizizi, anaketi chini, na anayeombwa msamaha ama anaipokea au anaigeuzia mgongo. Wakaketi sakafuni mwa chumba cha kusubiria, katikati ya wagonjwa wengine, ambao walizima runinga ya raga bila kuambiwa. Na mtu wa Fiji kuizima raga si jambo dogo.

"Nifanyeje?" Lachlan alimnong'oneza Roneel.

"Kaa chini. Vua kofia. Usimpite mtu mbele. Na usitazame saa."

Ilaitia akasema maneno yake. Kwamba wanawake wa Nukulevu wamedanganya nyumba hii, si kwa chuki bali kwa kupenda vibaya, na kwamba mizizi hii ni midogo lakini aibu ni kubwa. Daktari Gounder, ambaye wazee wake walikuja kutoka India na meli za vibarua wa miwa lakini ulimi wake ulizaliwa Levuka, hapa hapa Fiji, akapiga makofi ya adabu, akaigusa mizizi na kuipokea kwa lugha ya wenyewe bila kuteleza hata mahali pamoja. Akina mama wakaguna kwa kuridhika.

Kisha Vasemaca akaomba kusema. Kwa kawaida asingesema. Kwa kawaida angepiga makofi. Alikaa chini, mbele ya wajomba zake wote.

"Mmeomba msamaha, mmepokelewa. Sasa mimi sina mizizi, mtanisamehe. Nilikuwa na chati moja nikanyamaza. Niliwapigia makofi mliposoma, na mlipokwama nikanuna, mpaka mkaona haya kuumwa mbele yangu. Nimekosa."

"Huna mizizi hata kidogo?" aliuliza Ilaitia.

"Hata kidogo."

"Basi tutagawana hii hii. Kata katikati."

Chumba kikacheka. Vasemaca hakucheka. "Lakini nina ombi, na nyie mnajua siwezi kukataliwa. Kuanzia leo, katika kiti kile, neno la heshima kuliko yote ni 'sioni.' Mtu akiliona giza, alitaje. Atakayenisomea herufi asiyoiona, amemtukana mama yangu."

Nyusi zote za Nukulevu zilipanda kwa pamoja, na safari hii Vasemaca alizikagua moja moja.

Yaqona ikatwangwa, Lachlan akanywa bakuli lake, akapiga makofi mahali ambapo hapakutakiwa makofi, ulimi ukamfa ganzi. Alipoupata tena, alifanya kazi yake, na hakuifanya kwa huruma. Herufi zote za Nukulevu tangu chati kuwa moja zilitolewa kwenye hesabu. Chati mpya zingekuja, na zingekaa kwenye sanduku kavu lenye kufuli. Asomeshaye angesimamiwa miezi mitatu. Taarifa ingekwenda Brisbane, na Brisbane ndiyo ingeamua kama Kitengo kiendelee.

"Kwenye fomu ninatakiwa kuandika sababu ya kosa," alisema, kalamu mkononi. "Kuna kisanduku cha mashine mbovu. Kuna kisanduku cha uzembe. Cha kwaya hakuna."

"Andika uzembe," alisema Vasemaca.

Lachlan akamtazama. Akaandika, kisha akaongeza mstari mrefu chini yake, ambao hakumsomea mtu.

Chati mpya zilipofika, wote walisomeshwa upya. Wengi walikutwa salama. Merewalesi, yule wa kuimba chini chini, alikutwa anaona vizuri kuliko alivyokuwa akisoma. Miezi yote ile macho yake yalikuwa yanaiona herufi, na yeye anauamini wimbo. Na Brisbane ikapiga simu: waendelee. Daktari alipokea, akasema "Sawa," akakata, akarudi kwa kiyoyozi. Ijumaa ile aliyoahidi kumkasirikia Vasemaca alikuwa ameshamkasirikia kweli, mlango umefungwa, na walioko nje hawakusikia kitu ila mvua. Siku hiyo hiyo Vasemaca alimnunulia Roneel roti mbili, akaziweka mezani kwake bila hotuba.

*

Baada ya sindano ya nne, Bu Torika aliketi tena kwenye kiti. Taa iliwaka. Chati ilikuwa mpya, herufi hazijawahi kuimbwa na mtu. Roneel alisimama mlangoni akijifanya anatafuta waya. Vasemaca alifunika jicho lililokufa, akakaa kwenye kigoda chake, kisha akaikalia mikono yake yote miwili, mmoja chini ya kila paja. Ndivyo alivyofanya siku hizi. Kalamu alikuwa nayo msimamizi wake, mwanamke mkavu aliyeazimwa kutoka wodi nyingine.

Bu alisoma mstari wa kwanza. Hakukuwa na mahadhi. Alisoma kama mtu anayeokota mawe kwenye mchele. Alisoma wa pili. Kwenye wa tatu alikosa moja, akairudia, akaipata. Vasemaca alihisi viganja vyake vikipigana chini ya mapaja kama kuku ndani ya tenga.

Mstari wa nne Bu alipata mbili. Akasogeza kichwa, akatulia.

"Sioni," alisema kwa sauti kubwa, na kwa fahari, kama mtu anayetaja cheo chake. "Inayofuata, sioni. Na hiyo ya mwisho, sioni kabisa, wala usinibembeleze."

"Sikubembelezi, Bu," alisema Vasemaca, uso ukuta mtupu.

"Vizuri." Bu Torika akageuka kitini. Alimtazama mjukuu wake, si pembeni ya sikio, katikati ya uso, na akachukua muda wake. "Lakini wewe nakuona. Mvi hizo zimeanza lini? Na siku ile nilikudanganya, mwanangu. Hujakonda hata kidogo."

Msimamizi aliandika herufi, hayo mengine akayaacha. Mlangoni, Roneel ndiye aliyepiga makofi.